Rais wa Sita wa Mama Kandida

Wasikilizaji wapendwa, habari za asubuhi. Sogezeni viti. Na wewe uliye shambani, ambaye redio umeitundika kwenye tawi, ongeza sauti kidogo. Leo tunamkumbuka mtu wa kwetu. Tunamkumbuka Mama Kandida Fridolin wa Lipangalala, mkulima wa mpunga, aliyefariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na umri wa miaka sabini na sita. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mama Kandida Fridolin, wa Lipangalala, miaka sabini na sita. Tumemzika Alhamisi.

Wengi wenu mlimjua kwa jembe lake begani, kwenye mfereji wa Lumemo, saa kumi na mbili asubuhi. Sisi hapa redioni tulimjua kwanza kwa simu.

Wamarekani walipopiga kura mara ya mwisho, kipindi hiki kiliwauliza wasikilizaji swali moja. Rais gani wa Marekani unampenda kuliko wote, na kwa nini? Simu zilifurika. Obama. Obama. Kennedy. Obama tena. Lincoln. Bwana mmoja wa Chita alimchagua Reagan kwa kuwa alijua kupanda farasi. Halafu ikaingia sauti ya bibi, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele: "Mimi namchagua wa sita. John Quincy Adams."

Mtangazaji akacheka. Mtangazaji huyo, wasikilizaji wapendwa, ni mimi Mudathiri, na leo naungama hadharani. Nikamwambia, "Mama, hapo nadhani umechanganya, ngoja tumpe nafasi mwingine," nikakata simu.

Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa getini kwetu, amevaa kitenge chake cha kanisani, na kwapani ana karatasi iliyokunjwa mviringo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyenikata?"

Ningekataa vipi? Akaingia, akaikunjua ile karatasi juu ya meza yetu, akaweka kikombe cha chai pembe hii na simu yangu pembe ile isijikunje tena. Ilikuwa kalenda. Kalenda ya mwaka 1967. Juu ina miezi, chini ina nyuso thelathini na sita za marais wa Marekani, kuanzia wa kwanza hadi yule aliyekuwa madarakani wakati huo. Mwezi wa Januari haukuwepo, panya walikwishaula. Mama Kandida akaweka kidole kwenye sura ya sita. Mzee mwenye upara, ndevu za mashavuni, amenuna kama mtu aliyepewa pilau isiyo na nyama. "Huyu," akasema. "Sasa kaa chini nikwambie kwa nini."

Nilikaa. Na ninachowasimulia leo ni kile alichonisimulia siku ile, pamoja na kile walichotuambia watoto wake na wanachama wenzake.

Mama Kandida alizaliwa mwaka 1949 upande wa Mahenge. Ni Mpogoro, mtoto wa mzee Fridolin, aliyeteremka na familia yake kufuata ardhi ya mpunga huku bondeni. Kandida alisoma mpaka darasa la nane. Akiwa na miaka kumi na minane alikuwa akimfulia nguo mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Marekani. Mwalimu yule alipoondoka aligawa vitu vyake. Wengine walipata sufuria, mwingine akapata baiskeli. Kandida alipata kalenda.

Akaolewa na Deus, fundi wa reli, Mungu amrehemu. Nyumba yao ya kwanza Lipangalala ilikuwa ya udongo, na mnajua tulivyokuwa tukipamba kuta kwa magazeti na picha za kalenda. Marais thelathini na sita wakabandikwa sebuleni kwa uji wa mhogo. Watoto walijifunzia kuhesabu pale pale. Na Deus, ambaye alipenda mzaha, akaanzisha mchezo. Jumapili baada ya Misa, wakati wali ungali jikoni, kila mtu anachagua rais wake na kusema kwa nini. Asiyekuwa na sababu, anaosha vyombo.

Deus alimchukua Kennedy, basi. Maximilian, mtoto wa kwanza, alimchukua Washington. Eveline akamchukua Lincoln kwa sababu ya kofia. Wa sita hakuchukuliwa na mtu. Jumapili kwa Jumapili, mzee wa watu amenuna ukutani na hakuna anayemtaka.

"Mama akamwonea huruma," anatuambia Eveline, ambaye sasa ni muuguzi. "Akasema, huyu ni wangu. Baba akamuuliza, kwa nini? Mama hakuwa na jibu. Akaosha vyombo."

Aliosha vyombo Jumapili nne. Ya tano akamfuata padre mmoja mzee parokiani, aliyekuwa na kitabu kinene chenye habari za dunia nzima. Padre akafungua, akasoma, akatikisa kichwa. "Kandida, huyu chagua mwingine. Huyu alikaa miaka minne tu, akagombea tena, akashindwa. Alinuna sana, hata siku mwenzake anaapishwa hakwenda."

Mtu mwingine angeaga. Kandida akauliza, "Halafu akafanya nini?"

Padre akageuza ukurasa. Na jibu lililokuwa kwenye ukurasa ule, wasikilizaji wapendwa, ndilo lililokuja kuokoa mpunga wa watu mia mbili na zaidi hapa bondeni, miaka mingi baadaye. Halafu, alisoma padre, watu wa kwao wakamtuma bungeni. Mtu aliyekuwa rais wa nchi nzima akaenda kuwa mbunge wa kawaida, akakaa kwenye kiti cha kawaida, karibu miaka kumi na saba. Akiwa mzee wa miaka sabini na tatu akasimama mahakamani kuwatetea Waafrika waliotekwa, wakaiteka meli iliyowabeba, kisha wakakamatwa. Akazungumza kwa saa nyingi. Wakaachiwa huru. Na mwisho wake ulimkuta bungeni, kazini. Alianguka pale pale, akafa baada ya siku mbili.

Jumapili iliyofuata Deus akauliza, kwa nini? Kandida akasema, "Kwa sababu alishindwa, na bado akarudi kazini." Deus akaosha vyombo.

Sasa tuje mfereji wa Lumemo. Mnakifahamu chama cha wakulima cha Tujikaze. Wanachama walichimba mfereji kwa mikono, wakajenga ghala la mpunga, wakanunua mizani kubwa ili wachuuzi wasiwapunje tena. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Mama Kandida. Aliongoza miaka kumi na mitatu.

Mwaka 2015 ulifanyika uchaguzi. Akajitokeza Jofrey, kijana wa miaka thelathini na nne, amesoma kilimo chuoni, ana maneno, ana simu inayoonyesha bei za mpunga mpaka Dar. Kura zikahesabiwa mbele ya ghala. Jofrey mia moja kumi na nane. Mama Kandida tisini na moja.

Iliuma. Tusidanganyane. Mwenyewe aliniambia alitembea kutoka ghalani hadi Lipangalala bila kuona njia, akajikuta ameshapita nyumbani kwake.

Na hapa naomba msikilize vizuri, kwa sababu mnajua jinsi vyama vyetu vinavyokufa. Vinapita ukame, vinapita mafuriko, halafu uchaguzi mmoja unavimaliza. Aliyeshindwa anasusa. Anaondoka na watu wake, anaondoka na kilichopo nyumbani kwake, anafungua chama kingine ng'ambo ya barabara. Baada ya misimu miwili vyote viwili ni vibao tu. Na mizani ya Tujikaze ilikuwa barazani kwa Mama Kandida.

Kesho yake walimjia. Wengi wa wale tisini na mmoja, uani kwake, wamekasirika. Jina la chama kipya walikuwa nalo tayari.

"Mama, tutoke," walisema. "Tutoke na mizani. Tumuone huyo kijana atapimia nini, simu yake?"

Eveline alikuwepo. "Mama aliwapikia uji. Aliwanywesha wote kwanza, akasema mtu mwenye njaa hashauriwi kitu. Wenyewe wanakunywa, yeye akaingia ndani. Nikamfuata nikidhani analia. Nikamkuta amesimama mbele ya kalenda, anatazamana na yule mzee wake. Akatoka nje akasema: mizani inarudi ghalani. Na mimi narudi kazini."

Siku Jofrey alipokabidhiwa ofisi, bajaji ilisimama mbele ya ghala. Nyuma kuna mizani imefungwa kwa kamba. Mbele ameketi Mama Kandida, na kitenge chake cha kanisani. Alipofika hapa katika simulizi yake, pale mezani kwetu, alininyooshea kidole kwa fahari: "Mudathiri, mzee wangu yeye hakwenda mwenzake alipoapishwa. Mimi nilikwenda. Hapo nilimpita!"

Jofrey akasimama haraka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenyekiti."

Mwenyekiti! Yeye mwenyewe akaendelea, "Nimekuja kuomba kazi."

"Kazi gani tena, mama?"

"Zamu za maji."

Kama hulimi kwenye skimu ya umwagiliaji, nikueleze. Mtu wa zamu za maji ndiye anayefungua lango la huyu na kufunga la yule. Anatukanwa asubuhi, anatukanwa mchana, jioni anasingiziwa. Watatu walikuwa wameshaikimbia kazi hiyo katika mwaka mmoja.

Jofrey aliogopa. Ametuambia mwenyewe bila kuficha: "Nilijua amekuja kunichimba. Nikampa, lakini nikampeleka mkiani mwa mfereji, kwenye tope na nyasi, nikijua atachoka mwenyewe. Msimu mzima nilikuwa namwekea watu wa kumchunguza. Wanarudi wananiambia, mwenyekiti, yule mama anafungua na kufunga maji, hana lingine. Mpaka nikaona haya."

Hakuchoka. Miaka kumi, wasikilizaji wapendwa. Miaka kumi, saa kumi na mbili asubuhi, jembe begani. Aliyezidisha zamu alifungiwa, awe shemeji yake, awe mwenyekiti. Jofrey alifungiwa mara mbili. Na wale tisini na mmoja, walipomwona mkubwa wao yuko topeni, wangesusia nini? Walibaki. Chama kikabaki kimoja.

Huko mkiani ndiko alikokuwa akilima Ndaki. Ndaki ni Msukuma, alikuja bondeni na ng'ombe wake, akajifunza mpunga, akalipa kiingilio kama wengine. Lakini kila ukingo ukibomoka, kidole kwa Ndaki. Mwaka 2018, mwishoni mwa masika, ukingo ukabomoka vibaya, maji yakaenda porini, mashamba arobaini yakakauka. Watu wakawaka. Ng'ombe wa Ndaki! Atolewe chamani, anyang'anywe shamba. Shauri likapelekwa baraza la kata. Hata rafiki zake Mama Kandida wakamwambia, hili usiliingilie, utachukiwa.

Siku ya shauri watu walijaa mpaka madirishani. Wakasema wa kwanza, wakasema wa pili, ng'ombe, ng'ombe. Ndaki ameketi na mkewe, ameinamisha kichwa, maana shamba lile ndilo alilokuwa nalo. Akaingia Mama Kandida na beseni kichwani. Watu wakacheka, wakadhani anauza maandazi. Akalitua mbele ya wajumbe. Ndani mna bonge la udongo mkavu, limekatwa vizuri kwa jembe kama unavyokata mkate.

"Wazee wangu," akasema, "mimi hupita pale kabla ya mtu yeyote. Asubuhi ile nilikuta nyayo kwenye ukingo, nikazifunika kwa majani, zilipokauka nikakata moja. Tazameni. Unyayo wa ng'ombe una kwato mbili. Hesabuni vidole hivi."

Mjumbe mmoja akainama na miwani yake. Akahesabu kwa sauti. "Kimoja. Viwili. Vitatu." Akavua miwani. "Vinne."

Kiboko! Kiboko alipanda na mafuriko kutoka mtoni, akapanda ukingo, ukingo ukaanguka. Kicheko kilichozuka pale, wanasema kilisikika mpaka sokoni. Ndaki hakucheka. Alilia, mtu mzima, mbele ya watu. Akabaki na shamba lake na zamu yake ya maji, na kesho yake waliomshitaki wakaja na majembe, wakajenga ukingo pamoja naye. Ndaki ametuambia sentensi moja tu, na nilipomwomba aongeze akakataa: "Mimi ni mtu wa hapa kwa sababu ya yule mama."

Ushindi mtamu namna gani! Mkitaka kujua kwa nini leo siongei kwa sauti ya msiba, ndiyo hiyo sababu.

Lakini bado lipo moja.

Mwezi uliopita Tujikaze walipiga kura tena. Jofrey, baada ya miaka kumi, ameshindwa. Ameshindwa na Levina, mama mwenye duka la pembejeo, kwa tofauti ya kura kumi na mbili. Na yakaanza yale yale. Watu wa Jofrey wakaanza kukutana. Daftari la wanachama liko kwake. Pampu iko kwake. Jina la chama kipya lishapatikana. Mama Kandida wakati huo yuko kitandani, kifua kinambana.

Jumapili ya mwisho ya uhai wake, Jofrey alikwenda kumjulia hali. Eveline alikuwa pembeni. "Tulidhani atamsema. Mama akamwambia tu, mwenyekiti, mpini wa jembe langu umelegea, naomba unitafutie mwingine. Jofrey akasema, nitaleta kesho, mama."

Kesho hakuja. Jumanne Mama Kandida akafariki.

Alhamisi tukazika. Na Mpogoro akifa, watani wake Wangoni hawakai kimya. Kiongozi wao alikuwa Mama Teddy, na huyo mnamjua, hana breki. Alijifunga kitenge cha marehemu, akabeba jembe la marehemu, akawa anatembea kama marehemu katikati ya waombolezaji: "Wewe, funga maji! Na wewe shemeji, funga!" Watu wanalia wanacheka. Tulipotoka makaburini, Mama Teddy akaketi mlangoni na lile jembe magotini, akatangaza: "Jembe tumelikamata. Halitoki mpaka likombolewe."

Ndivyo desturi ilivyo. Mtani akikamata kitu, mnamtupia chochote, anaachia. Maximilian akatoa noti. Mama Teddy akaitupa chini. "Sitaki hela zenu! Namtaka mtu. Nani anaingia mferejini kesho?"

Levina akatazama chini. Wanachama wakatazamana. Nami nilikuwepo, nikatazama viatu vyangu.

Ndipo nyuma kabisa, kwenye kundi la wale waliokuwa wakipanga kutoka, Jofrey akasimama. Mkononi alikuwa na mpini. Mpini mpya, wa mninga, umepigwa msasa mpaka unang'aa. Alikuwa amekuja nao msibani, amechelewa siku tatu, na alikuwa ameuficha nyuma ya miguu yake kwa aibu.

Akapita katikati ya watu. Akapiga magoti mbele ya Mama Teddy, akapokea jembe, akatoa mpini wa zamani, akatia mpya, akaugonga chini mara tatu ukakaa. Halafu akageuka. "Mwenyekiti," akamwambia Levina, "daftari na pampu nitavileta ghalani leo hii. Mimi naomba kazi. Naomba zamu za maji."

Mama Teddy hakumwachia. Mtani ni mtani. Akalishika jembe upande mmoja, akauliza kwa sauti ya Mama Kandida ile ile, tukasisimka: "Wewe kijana, rais wako nani?"

"Wa sita," akasema Jofrey.

"Kwa nini?"

Kabla Jofrey hajafungua mdomo, wakamtangulia. Akajibu Eveline, akajibu Maximilian, akajibu Ndaki kutoka kule uani, wakajibu watu ambao hata hawamjui huyo rais: "Alishindwa, na bado akarudi kazini!"

Vigelegele vilivyopigwa msibani pale, wasikilizaji wapendwa, mimi sijavisikia hata harusini.

Kwa niaba ya watangazaji wote wa kituo hiki, natoa pole kwa Eveline na Maximilian, kwa wajukuu wote, kwa wana Tujikaze, na kwa watani, ambao kazi yao waliifanya vyema. Mungu ampumzishe Mama Kandida kwa amani. Na kwa ile simu niliyoikata, mama, naomba unisamehe.

Wewe unayenisikiliza, leo sikuulizi unampenda rais yupi. Nakuuliza hili, lifikirie ukiwa na jembe lako mkononi au kikombe chako mdomoni: siku utakayoshindwa mbele ya watu, kesho yake utaomba kazi gani?

Nimepita Lumemo asubuhi hii kabla ya kuja studio. Saa kumi na mbili kamili Jofrey alikuwa topeni, mkiani kabisa. Alikuwa anamfungulia maji Ndaki. Zamu yake ilikuwa imefika.